Kilo Arobaini na Tano

Hapa hakuna chumvi iliyotiwa. Yote yalitokea kama yanavyosimuliwa, na asiyeamini apande Mkumbi akaulize, ila asiende msimu wa kuchuma kahawa maana hakuna atakayekuwa na muda wa kumjibu.

Mansuetus alikuwa amejitundika kwenye ndoano ya mizani ya chama cha msingi cha wakulima, miguu inaning'inia, koti lake kubwa la mtumba mwilini, shingo ameikunja ili ausome mshale. Mizani ile alikuwa karani wake kwa miaka thelathini, na haikumwonea haya. Arobaini na mbili.

Daktari alitaka arobaini na tano.

Tumbo lilikuwa linamtesa mwaka wa tisa. Walilitibu kama amiba, kama taifodi, kama vidonda vya tumbo, na miezi sita mizima kama kifua kikuu cha utumbo, mpaka kamera ya hospitali kubwa ilipolipa jina: ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa utumbo usiopona. Tangu hapo kila dawa ilifanya kazi kidogo, kisha ikachoka. Vidonge vilivyomtuliza vilimletea kisukari na kumvimbisha uso, hata watu wakawa wanampongeza kwa kunenepa, na suruali kaifunga kwa kamba. Magoti yaliuma kama ya mtu aliyechimba mashimo ya ngolo mlima mzima.

Sasa utumbo ulikuwa umesinyaa, uji ndio uliopita, nao kwa taabu. Bingwa wa upasuaji angefika Mbinga Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku moja tu, kisha asionekane kwa miezi minne. Alishasema kwamba Mansuetus akiwa chini ya kilo arobaini na tano hampasui, mwili hautastahimili. Na miezi minne Mansuetus hakuwa nayo. Alilijua hilo bila kuambiwa.

Mkewe, Lidia, alimlisha kijiko kwa kijiko: uji wa mchele, mayai, samaki mbasa aliyechambuliwa mpaka mwiba wa mwisho. Mansuetus alipoanza kuzungukazunguka kwamba mizani nayo huweza kusaidiwa, alimkatisha.

"Baba Edina, wewe uliyewafukuza watu na mawe yao ndani ya magunia? Tutapima kilichopo."

Ndivyo alivyokuwa Lidia. Akiokota rozari njiani, huitangaza kanisani Jumapili tatu.

Basi Mansuetus akasubiri Lidia atoke nje. Akampigia simu shemeji yake Meshack, mvuvi wa Kihagara kando ya ziwa, akamwomba kilo tatu za chubwi, vile vyuma vya risasi vinavyozamisha nyavu, na akamwapisha asimwambie dada yake. Meshack alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwa ukoo huu nyavu zake zitaanza kuelea, lakini chubwi akazituma kwa dereva wa basi. Lidia alipokwenda misa ya asubuhi, Mansuetus alizishona kwenye pindo la koti, moja moja.

Alhamisi Lidia alimvalisha koti mwenyewe na kumfunga vifungo. Lilimvuta mabega chini hata akayumba mlangoni. Akalaumu ugonjwa.

Hospitalini Sista Hildegardi aliwaamkia, akamwambia avue viatu na kutoa vya mifukoni. Mansuetus akatoa leso, vidonge vya sukari, rozari. Kisha mkono wa Sista ukaja kwenye ukosi wa koti.

Mansuetus akajikunyata ndani ya koti.

"Sista, umwachie koti," Lidia alisema. "Baridi hii, akianza kutetemeka atatapika."

Mkono ukaondoka. Mansuetus alimshukuru Mungu kwa kumpa mke asiyejua kitu, akapanda.

Arobaini na nane.

Alishuka, akahakikisha mshale umerudi kwenye sifuri, akapanda tena. Arobaini na nane. Kichwa cha karani kikapiga hesabu chenyewe: toa tatu za Meshack, zinabaki arobaini na tano, nyama yake mwenyewe. Uji ulikuwa umefanya kazi. Alikuwa amedanganya bure.

Sista aliandika. "Hii naipeleka kwa mtu wa usingizi," alisema. "Dawa yake anaipima kwa kilo."

"Akikosea kilo tatu?"

"Yeye hakosei, Baba. Hukosea aliyempelekea namba. Na kwa mwili kama huu wako, akizidishiwa haamki mtu."

Mansuetus alimtazama Lidia. Lidia alikuwa anatazama sakafu.

Angeweza kunyamaza. Wakulima wangapi walinyamaza mbele yake, mawe yamelala katikati ya gunia, wakimwangalia usoni? Alikaa kwenye benchi, akaomba mkasi. Chubwi zikadondoka kwenye bakuli la chuma, moja moja, na kila moja ilisikika mpaka nje.

Sista alisubiri ya mwisho.

"Baba, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Karani wa mizani."

Sista aliuma mdomo. Akamwonyesha mizani kwa kidole, na Mansuetus akapanda na koti lake lililochanika pindo. Mshale ulipanda, ukatikisika, ukatulia. Arobaini na tano, bila kupungua wala kuzidi.

Alilia palepale juu ya mizani. Sista akaikunja karatasi ya kwanza, akaandika nyingine, akampa Lidia hongera ya uji. Ndani mtu aliuliza kama mgonjwa yuko tayari. Sista akajibu yuko tayari, akaelekea mlangoni na ile karatasi.

"Sista, rudi," Lidia alisema, na mikono yake ikaenda kwenye mabega ya koti la mumewe. "Bado zangu."