Makande ya Mgeni

Wachina walipojenga reli, majirani wote walihamishwa kuipisha. Nyumba ya Bi Zuwena ikabaki pekee. Siku moja akapigiwa hodi na Tunu, binti mtafiti kutoka chuo kikuu.

"Bibi, reli hii imekuletea nini?"

"Imeniletea wewe, mjukuu wangu." Bi Zuwena akacheka, akainjika makande. "Kwangu mgeni haondoki na njaa."

Maswali yakaisha, jua likapinduka, chungu bado kinatokota.

"Bibi, treni itaniacha!"

"Unaikimbilia kama mumeo yumo ndani? Tulia, mahindi bado magumu."

Akafunua chungu, akabonyeza punje moja. Ikapondeka vidoleni. Akaongeza kata ya maji, akafunika, kisha akarudi kuketi karibu na mgeni wake, magoti yakigusana.