Ujuzi wa Mghanga

Mzazi akikaa kwenye kile kiti cha maktaba ya shule, ujuzi wa kazi yake huwaingia wanafunzi wote, naye hubaki hana. Ndiyo sheria. Wazazi walikuwa wakisita, kwa hiyo Mwalimu Mkuu Wakesho akamwomba mumewe, Mghanga, mfuga nyuki hodari, awatangulie.

Asubuhi ile Mghanga alikaa. Muda si muda watoto arobaini waliiendea mizinga, wakaifungua kwa mikono mitupu. Nyuki waliwatambalia vidoleni na hakuna aliyeumwa. Wazazi walisogea kutazama, wengine machozi yakiwalengalenga. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepanga foleni wenyewe: fundi cherehani, mkunga, mchonga vinu.

Wakesho alirudi nyumbani moyo umemjaa. Akamkuta mumewe amejifungia, madirisha yote kayakomea.

“Mama Mkamburi,” Mghanga alinong’ona, “kuna wadudu wanavuma huko nje. Tuwafanyeje?”

Wakesho akamshika mkono.

“Usihofu. Watoto watakufundisha,” alimwambia, ingawa katika shule zote alizozijua zenye kiti kama hicho hakuwahi kusikia mzazi aliyetoa ujuzi wake akajifunza tena.