Nyumba ya Kanga

Wanawake wa kikundi cha akiba walishona kanga zao pamoja, wakazisimamisha kwa miti uwanjani: sebule, jiko, chumba kimoja, kwa vipimo vyenyewe. Walitaka kila mwanachama aione nyumba atakayojenga wakishapata kiwanja.

Mchana mwenye kiwanja akatuma ujumbe. Amemuuzia mtu mwingine.

"Fumueni," akasema mwenyekiti, Bi Sikudhani, mkasi mkononi. "Kila mtu achukue kanga yake."

Ndipo akafika Chausiku, mwanachama mwenzao, amembeba mgongoni mama yake asiyeona. Asubuhi tingatinga lilikuwa limebomoa kibanda chao. Hakumsalimu mtu. Akapita mlangoni, akakatiza sebule, akamlaza mama chumbani, juu ya majani.

"Chausiku, mdogo wangu," Bi Sikudhani akamnong'oneza kutoka nje ya ukuta wa kanga, "kiwanja kimeuzwa. Hizi ni nguo tu."

"Mama kaniuliza tunalala wapi. Nimemwambia kwetu."

Bi Sikudhani angeweza kuinua kanga akapita. Akazunguka hadi mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," akaitikia mama. "Ila rudishia mlango, upepo unaingia."

Bi Sikudhani akageuka, akanyoosha mkono kuutafuta mlango.