Unga wa Babu Kopo

Babu Kopo aliinama juu ya benchi fupi, akaukumbatia mfuko wa mchanga, akaunyanyua taratibu, akageuka nao na kuuketisha kwenye kiti. Ndiyo, kuuketisha. Vijana waliokuwa jimuni waliacha vyuma vyao wakamtazama.

"Mzee, huo ni mchanga," kocha alimwambia. "Ukiubwaga haulii."

"Najua," alijibu, akaurudisha kwenye benchi kwa upole uleule.

Kocha alimdharau tangu siku aliyoingia, na shingo yake nyembamba na magoti yanayolia hata kabla ya kazi. Kilichomkera zaidi ni lile kopo. Mzee alikuja nalo kwapani, kopo jeusi lenye picha ya mwanamume aliyefura kila mahali, na ndani yake unga unaosemekana kurudisha nguvu za misuli iliyochoka. Ndipo vijana wakambatiza Babu Kopo.

"Unga huo unamnenepesha anayeuuza," kocha alizoea kusema. Wanywaji wake aliwaona kama watu wanaopulizia manukato gari bovu. Mwili hujengwa kwa chuma, chakula na usingizi. Yaliyobaki ni porojo za wavivu.

Babu Kopo hakuchoka kuuliza.

"Niambie ukweli, kocha. Unafanya kazi au haufanyi? Mtu akinyanyua leo mwili ukamuuma, kesho ataweza tena?"

"Kesho apumzike. Misuli hurudi ikipumzishwa."

"Na kama hawezi kupumzika?"

"Kwani una mashindano?"

Vijana walicheka mpaka wengine wakaweka vyuma chini. Babu Kopo naye akatabasamu kidogo, akachota unga, akaukoroga kwenye chupa ya maji, akanywa amekunja uso kama anayemeza dawa ya minyoo.

Kisha siri yake ikaanza kuvuja. Kila mara alikuwa akitazama saa, na akiondoka mapema amenawa uso na kunyoosha kola.

"Unakimbilia wapi?" kocha alimuuliza.

"Kuna mtu ananisubiri. Nikichelewa ananuna."

"Mwanamke?"

"Mwanamke," alikiri, bila aibu yoyote.

Jimu nzima ikapiga miluzi. Siku nyingine alikuja na mikwaruzo ya kucha shingoni, akasema tu kwamba alishikwa vibaya. Vijana walikaribia kuanguka kwa kicheko. Kocha hakucheka. Aliiona pete ya ndoa, ambayo mzee hakuivua hata akiwa anabeba mfuko. Alimhurumia mke aliyeachwa nyumbani ahangaike na sufuria, huku mumewe akinywa unga ili asiaibike kwa mwingine.

Asubuhi moja mgongo ulimkaza Babu Kopo. Alikwama ameinama, mfuko mikononi, asiweze kusimama wala kuuachia. Kocha akaupokea kwa mkono mmoja.

"Umeona sasa unga wako ulivyofanya kazi?"

"Nipeleke nyumbani," mzee alisema, jasho likimtiririka. "Muda wake wa kuamka umefika."

"Na kwa hali hii bado unamwaza huyo kimada?"

Kocha akampakia kwenye gari, si kwa huruma. Alitaka kumkabidhi mikononi mwa mkewe na kumweleza mama wa watu kila kitu.

Njiani mzee alikaa ameshika kiuno. Walipokaribia ndipo aliposema, "Sijui kama ni unga. Najua tu kwamba mpaka jana niliweza." Kisha akaitazama mikono ya kocha kwenye usukani. "Leo itabidi unisaidie wewe."

Kocha aliona ni mzaha mchafu, akakaza taya.

Nyumba ilikuwa ndogo, imefagiliwa vizuri, na hapakuwa na mtu jikoni. Mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa wazi. Kocha akatangulia, maneno yake yakiwa tayari mdomoni, akasimama ghafla. Kando ya kitanda kifupi kulikuwa na kiti cha magurudumu. Kitandani alilala bibi mnene mwenye mvi tupu, miguu yake imetulia kama si yake. Bibi akamtazama kocha, kisha akamtazama Babu Kopo aliyeegemea mlango akihema, akabinua mdomo.

"Nilimkanya mwanangu asiolewe na huyu, hana nguvu," alimwambia kocha. "Hakunisikia. Sasa yeye yuko kaburini, na mimi nimeachiwa mkwe ambaye hata kunifikisha msalani kwa wakati hawezi."