Pazia Jipya

Shu-fen aliuweka chini wali wake wa mchana. Kwenye skrini kubwa ya maabara, ambako kila mtu huona foleni ya kazi zinazosubiri kompyuta kuu, nyuma ya kazi yake palikuwa na nyingine iliyopewa jina: "Pazia jipya limekupendeza."

Kila alipotuma kazi, moja ya namna hiyo ilimfuata. Mtumaji hakujulikana, maana kikundi kizima kilitumia akaunti moja. Lakini pazia alilitundika jana tu dirishani kwake, ghorofa ya saba, na hakuna mwenzake aliyewahi kukanyaga kwake.

Akamwendea mwanafunzi mkongwe wa maabara, ambaye wote humwita Kaka. Jina lake lilibandikwa ukutani chini ya maneno: Ukisumbuliwa, mwone huyu.

"Kaka, huu si mzaha tena. Tumwambie profesa."

"Hee, dada! Mtu akikusifu unashtaki?" Alicheka, akafunika boksi lake la chakula. Ndara zake zilipigapiga sakafu chini ya meza. "Mwache profesa apumue. Na lile pazia la kijani, kusema kweli, limekaa vizuri."

Shu-fen akaitazama tena skrini. Hapakuandikwa kijani popote.

"Haya jamani, tulale kidogo," Kaka akatangaza, kama kila siku baada ya chakula, akazima taa za maabara ile isiyo na dirisha. Wenzao wakalaza vichwa juu ya meza zao.

Shu-fen alirudi kitini kwake akipapasa. Hakulaza kichwa. Alizisikiliza zile ndara zikiburuzika sakafuni, taratibu, zikipita meza moja baada ya nyingine.