Kiti cha Mbele

Mama mshonaji alipomsogeza malkia wake mahali pa kuliwa bure, watazamaji wa sataranji walipigwa na butwaa.

"Mkono umemteleza," kinyozi alinong'ona.

"Haujamteleza. Mtazame farasi wake kwanza," akajibu dada muuza dawa.

"Farasi gani, dada yangu? Huyu keshakwisha. Nani aliyemfundisha?"

Wakamgeukia mume wa mshonaji, fundi saa, aliyesimama katikati yao. Ni yeye aliyemfundisha, miaka mitatu, kwenye meza yao ya chakula. Akacheka kidogo.

"Hata mimi sijui alikojifunzia."

Maneno yalifika hadi mezani. Mkewe hakuinua macho. Alisubiri malkia aliwe, akasogeza farasi mara moja tu. Mpinzani wake alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akamlaza mfalme wake chini, kukubali kushindwa.

Makofi yalipotulia, kinyozi akauliza, "Mama, mwalimu wako nani?"

"Yule pale, mume wangu."

Akauondoa mtandio wake kwenye kiti cha mbele, kile alichomwekea tangu asubuhi, akakipangusa kwa kiganja.

"Njoo ukae, baba watoto. Umesimama sana."

Kiti kilikuwa hatua nne tu mbele ya fundi saa, lakini miguu yake ikakataa.