Bonboni za Wageni

Korongo wa karatasi alikatika shingo mikononi mwa Irène, naye akacheka kwa raha.

"We unacheka, karatasi inaharibika," alisema Mama Mirindi, mama mkwe wake, vidole vyake vimejaa gundi. "Ulikuwa unawaza nani?"

"Mama, unamujua."

"Basi kata mwingine, na umuwaze polepole. Karatasi ni bei."

Walikuwa uani kwao, mtaani Jabe, katikati ya rundo la visanduku vyeupe. Kila kimoja kilienea kiganjani, kimekunjwa bila pini, kimefungwa fundo la uzi mweusi na mweupe ambalo Irène aliliona kwenye simu, kwa mafundi wa Japani. Juu ya kifuniko, korongo alikuwa akiruka peke yake juu ya mawimbi. Jabe nzima ilimwita Madamu Tokyo, na mwenyewe hajawahi kuvuka Kayanza. Kadi zake na visanduku vyake vya bonboni, yaani peremende, vilikuwa vimezunguka ubatizo, komunyo na harusi zote za Gihosha. Safari hii hakukuwa na mteja. Kazi ilikuwa yake.

Mumewe, Mirindi, alikwenda Rumonge kununua mawese, akakawia kuchagua pipa. Kukawia huko baadaye kulipata jina la mwanamke, Amélie, kukapata na nyumba yenye bati jipya. Rumonge si Ulaya. Unapanda basi asubuhi, mchana unakula samaki wa huko. Lakini mama yake alipopasuliwa tumbo, Mirindi alipokea simu mara moja tu, akasema, "Mi si daktari," akakata. Irène aliuza cherehani. Mama Mirindi alipona, na tangu hapo hakumuuliza mtu habari za mwanawe.

Talaka Mirindi hakutoa. Kila mwanaume aliyemtazama Irène mara mbili alipigiwa simu kutoka Rumonge: "Huyo ni wangu, ata kama simutumii."

"Lakini atakuja kweli?" aliuliza Mama Mirindi. "Asipokuja, kazi yote hii ni bure. Watu watakula, watapangusa midomo, watarudi kwao."

Irène aliupitisha ukucha juu ya mkunjo, akaukandamiza kama anayemaliza kitu kinachotapatapa. "Atakuja. Mirindi akitupa kitu, hapendi kuona mutu anakiokota."

Kisanduku kimoja, bila kadi, walimpa dereva wa basi la Rumonge ampelekee Mirindi. "Umupe mukononi," Irène alimwambia. "Akiuliza, we haujui kitu."

Simu ililia kabla basi halijarudi mjini.

"We Irène! Hii sanduku ni ya nini?"

"Ni ya bonboni."

"Bonboni za nini?"

"Za wageni."

"Nimepigia watu simu. Wanasema mumekodi tente na viti!"

"Na mbuzi. Honoré ndiye atachoma mishikaki."

Honoré alikuwa rafiki yake Mirindi tangu shule. Mirindi alipumua kwa nguvu. "Mama yangu anajua hayo mambo?"

"Mama ndiye alichagua rangi."

Mirindi alishusha sauti: "Huyo mwanaume, mi ninamujua?"

"Unamujua sana. Mulikulia pamoja."

"Ni Honoré! Haki ya Mungu, ni Honoré!"

"Njoo Jumamosi umuone."

"Nitakuja! Siku yenu nitaiharibu mbele ya watu wote. Mutalia!"

"Karibu sana," Irène alisema. "Uvae vizuri."

Na kweli, Jumamosi Mirindi alivaa suti. Ndani ya basi alirudia maneno yake kwa sauti mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Pasta akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, yeye atasimama. Atanyoosha kidole. Atasema cheti cha ndoa anacho, na aliyekiandika bado anaishi. Alitamani kumwona Irène akilia na poda yake usoni. Zaidi ya yote, alitamani kuiona sura ya Honoré.

Hema lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Kila kiti kilikuwa na kisanduku chake. Pasta alikuwa ndiyo kwanza anafunga Biblia. Mbele kabisa aliketi Irène, kajifunga kitenge kipya cheupe, na pembeni yake Mama Mirindi, naye kajifunga kama hicho hicho. Honoré alikuwa kando kwenye majiko, jasho linamtoka, amevaa aproni.

Mirindi alidhani ni ujanja wa kujificha.

"Simamisheni!" alipaza sauti. "Ninapinga! Huyu ni muke wangu! Huyo bwana yenu iko wapi? Atoke nimuone!"

Hakuna aliyemshika. Kina mama wa mbele waliinamisha vichwa. Nyuma huko mtu alikohoa, akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Honoré aligeuza mishikaki yake kana kwamba kelele ile ilitoka kwenye redio ya jirani.

Mirindi alimtazama Irène. Irène alimtazama pia, kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

Ndipo Mama Mirindi akanyanyuka. Alimwendea polepole kati ya viti, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Asante kwa kuja kumaliza kilio pamoja na sisi, mugeni wetu," alisema. "We na marehemu mutoto wangu Mirindi, mulijuana wapi?"